Drili ya kusimama, mpya au mtumba? Hesabuni matundu kabla ya fedha

Minada ya ufuta ikimalizika na fedha kuingia, mazungumzo hubadilika katika nyumba nyingi za Kilwa na mwambao wa Lindi. Kuna bati za kumalizia chumba cha nyuma, kuna ada ya shule, kuna hisa za VICOBA za mama. Na katika nyumba yenye fundi, kuna ile mashine iliyoahirishwa tangu mwaka jana. Kwa fundi wa vitanda, milango au madirisha ya grili anayefanyia kazi uani kwake, mashine hiyo mara nyingi ni drili ya kusimama: ile iliyofungwa kwenye nguzo yake, inayoshushwa kwa mkono wa pembeni na kutoboa tundu lililonyooka, leo na kesho, bila kupinda.

Swali linalofuata huwa moja. Inunuliwe mpya dukani, au itafutwe ya mtumba iliyoshushwa na kontena kutoka Ulaya, Japani au Dubai? Baba anasema ya zamani ni chuma kizito, za siku hizi ni bati tupu. Mama anasema cha zamani kina ugonjwa wa zamani. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Lakini mashine hii haitakaa kiwandani, itakaa pale ambapo watoto wanacheza na chakula kinapikwa. Ndiyo maana uamuzi wake ni wa familia nzima, na ni wa afya kama ulivyo wa fedha.

Kwanza, matundu ni mangapi?

Kutoboa si jambo geni katika pwani hii. Mitepe ya zamani haikupigiliwa misumari. Mbao zake zilitobolewa, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mafundi wa majahazi nao wametumia keekee ya uta kwa vizazi vingi, wakitoboa kwanza ndipo wapigilie msumari ili ubao usipasuke. Tundu zuri, kwa hiyo, halianzi na umeme.

Fundi anayetengeneza vitanda viwili kwa mwezi anaweza kumaliza kazi yake yote kwa drili ya mkono. Akihitaji tundu lililonyooka zaidi, zipo stendi zinazobana drili ya mkono na kuishusha wima, kwa gharama ndogo kuliko mashine kamili. Anayehitaji matundu ya chuma mara moja moja anaweza kumpelekea jirani mwenye mashine na kumlipa kwa tundu.

Drili ya kusimama inaanza kujilipa pale kazi inapojirudia: bapa za chuma za grili zinazotaka matundu kumi na mbili yanayolingana, bawaba za mageti, viungo vya vitanda vya kufunga kwa bolti, au kazi za mbao ngumu. Mbao za kusini si laini. Mninga na mkongo zina ukaidi wake, na mpingo, ambao misitu ya vijiji vya Kilwa inajulikana kwao, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Biti ikiingia kwenye mpingo bila kutolewa mara kwa mara hupata moto, hutoa moshi na kuungua ncha.

Familia ikae na daftari la kazi za miezi mitatu iliyopita na ihesabu. Kama matundu hayafiki idadi ya kulipia mashine, fedha ya ufuta ina kazi nyingine.

Umeme wa nyumbani ndio mwamuzi wa kwanza

Kabla ya kutazama rangi ya mashine, mnunuzi asome kibati kilichobandikwa kwenye mota. Hapo kuna volti, hezi, fezi, wati na idadi ya mizunguko kwa dakika. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa fedha zote.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, hezi 50, fezi moja. Mashine ya mtumba iliyotoka kwenye kiwanda au chuo cha Ulaya mara nyingi ni ya fezi tatu. Ni imara kweli, lakini ikifika nyumbani Masoko au Kivinje haitawaka bila kubadilishiwa mota, kununuliwa kifaa cha kubadili umeme, au kuombewa fezi tatu TANESCO. Ya Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Zikichomekwa moja kwa moja ukutani, mota huungua. Hata ya Uingereza, ambako umeme wa nyumbani unafanana na wetu, mnunuzi awe macho: mashine nyingi za maeneo ya ujenzi kule ni za volti 110, na plagi zake huwa za rangi ya njano.

Hezi nazo zina maana. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 inapoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi yake. Iliyoandikwa mizunguko 1,725 itakwenda kama 1,440. Kwa kutoboa, hilo pekee si kasoro kubwa, ila mota inaweza kupata joto zaidi, kwa hiyo ijaribiwe kwa muda mrefu.

Kuhusu LUKU, hofu huwa kubwa kuliko gharama. Mota ya wati 500 ikifanya kazi mfululizo kwa saa mbili inatumia uniti moja. Na drili haizunguki mfululizo: inatoboa, inazimwa, kazi inahamishwa.

Hesabu ya mtumba isiishie kwenye bei ya muuzaji

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea hesabu. Bei ya mtumba hutajwa peke yake, bei ya mpya hutajwa peke yake, kisha zinalinganishwa. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, si bei ya soko.

Tuseme ya mtumba inauzwa shilingi 350,000. Usafiri wa mzigo mzito kutoka Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kilwa ni 60,000. Ikifika, mota inaonekana imechoka na kusukwa upya ni 120,000. Beringi na mkanda ni 50,000. Swichi salama ni 40,000. Jiliwa la kubania kazi ni 60,000. Jumla ni shilingi 680,000. Mpya, ndogo ya mezani, ni 600,000. Usafiri ni 40,000 kwa kuwa ni nyepesi. Jiliwa ni 60,000. Jumla ni 700,000. Tofauti iliyoonekana kuwa 250,000 imebaki 20,000.

Sasa hesabu igeuzwe. Kama mota ya ile ya mtumba ni nzima na beringi hazina kelele, 170,000 inaondoka na jumla inashuka hadi 510,000. Familia inaokoa 190,000 na inapata chuma kizito zaidi. Kwa hiyo jibu la mpya au mtumba halipo kwenye neno mtumba. Lipo kwenye mota na beringi, na vyote viwili vinaweza kupimwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Vipuri navyo viingie kwenye hesabu. Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam, na mwambao ukakaa siku kadhaa bila kupitisha mzigo. Mashine ambayo beringi yake au mkanda wake haupatikani hata Kariakoo, mvua ikinyesha isinyeshe, itasimama. Namba ya beringi huandikwa ubavuni mwake. Ikiwa ni ya ukubwa wa kawaida unaotumika pia kwenye pampu na mota nyingine, hapo kuna usalama.

Namna ya kupima ya mtumba

Anayekwenda kununua aende na fundi anayeijua kazi, na aende mchana. Kuuliza si ujinga, na muuzaji anayekataa mashine yake kuwashwa ameshajibu.

Jambo la kwanza ni mwili. Chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, hakipendi kuchomelewa. Mashine yenye ufa kwenye kichwa, kwenye meza au kwenye kikombe kinachoshika nguzo iachwe, hata kama ufa umepakwa rangi. Matundu machache yaliyotobolewa kwenye meza kwa bahati mbaya ni makovu tu, hayazuii kazi. Kutu ya juu husuguliwa. Kutu iliyokula nguzo hadi meza haipandi wala kushuka ni jambo jingine, na pwani yetu yenye upepo wa chumvi huizidisha.

La pili ni kuyumba kwa biti. Umeme ukiwa umechomolewa, mnunuzi abane biti mpya iliyonyooka kwenye kinywa cha mashine, kile mafundi wanachokiita chaki. Kisha azungushe kwa mkono huku ncha ikiwa karibu na msumari uliosimamishwa mezani. Ncha ikisogea karibu na msumari na kuachana nao katika kila mzunguko, kuna kasoro: ama chaki imechoka, ama mhimili umepinda. Chaki hubadilishwa. Mhimili uliopinda ni ugonjwa mkubwa. Baada ya hapo ashike chaki na kuisukuma kulia na kushoto. Ikicheza kama jino bovu, beringi zimekwisha.

La tatu ni sauti na joto. Mashine iwashwe ikiwa baridi na iachwe izunguke dakika 15. Mngurumo ulio sawa ni mzuri. Mlio wa kusaga au wa kukwaruza ni beringi. Harufu ya kuungua ni mota. Baada ya dakika hizo, mwili wa mota uguswe: vuguvugu si tatizo, lakini ukiwa wa moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa juu yake kwa sekunde chache, mnunuzi ashukuru na kuondoka.

La nne ni kutoboa kweli. Kipande cha chuma cha milimita 5 na biti yenye makali vinatosha. Mashine inayoimba vizuri bila mzigo na kusimama chuma kinapoguswa imejieleza yenyewe.

La mwisho ni uhalali. Jina la muuzaji, namba yake ya simu na maandishi ya mauziano vihifadhiwe. Mashine iliyofutwa namba na kuuzwa haraka haraka usiku inaweza kuwa mali ya mtu mwingine, na polisi hawaulizi ilinunuliwa kwa nia gani.

Mpya nayo ipimwe

Upya si cheti cha ubora. Dukani kuna mashine ndogo ambazo nguzo yake hutikisika ukiisukuma kwa kidole, na meza hulegea biti ikishuka. Mnunuzi aombe itolewe kwenye boksi, ifungwe na iwashwe. Majaribio yale yale ya kuyumba kwa biti na kutikisa chaki yanafaa kwa mpya pia.

Aangalie pia kina, yaani nafasi kati ya katikati ya biti na nguzo. Mashine inayoitwa ya inchi 8 ina nafasi ya inchi 4 tu, takribani sentimita 10. Maana yake haiwezi kutoboa katikati ya ubao wenye upana wa sentimita 30. Fundi wa milango na meza apime kazi zake kwanza. Chaki ya milimita 13 inatosha kazi nyingi za nyumbani, na ya milimita 16 ni kwa mwenye kazi nzito.

Faida kubwa ya mpya ni mbili: risiti ya EFD pamoja na dhamana inayoweza kudaiwa kwa muuzaji aliyepo nchini, na vifaa vya usalama ambavyo bado viko mahali pake. Faida hiyo ya pili ndiyo husahaulika.

Mkono una thamani gani?

Mashine nyingi za mtumba hufika zikiwa zimepungukiwa. Kava la mkanda lilivunjika safarini, kioo cha kukinga chaki kilipotea, swichi ilibadilishwa kwa ile ya taa ya ukutani, waya wa ardhi ulikatwa ili plagi ya miguu miwili iingie. Kila kimoja kati ya hivyo kiliwekwa kwa sababu ya majeraha ya watu.

Swichi ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Umeme ukikatika biti ikiwa ndani ya chuma, fundi huinama kuitoa kwa mkono. Kwa swichi ya kawaida, umeme ukirudi mashine inaanza kuzunguka pale pale vidole vilipo. Ipo swichi maalumu yenye vitufe viwili ambayo umeme ukikatika hujizima, na haiwaki tena mpaka mtu aibonyeze. Kwa maeneo ambayo umeme huja na kuondoka, hii si anasa.

Waya wa ardhi ndio wa pili. Mwili wa drili ni chuma, mikono ya fundi ina jasho, na sakafu ya uani mara nyingi ni ya udongo au saruji yenye unyevu. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa mwili wa mashine, umeme hupita kwa mtu kama hakuna ardhi ya kuupokea. Fundi umeme mwenye leseni aikague soketi kabla mashine haijawashwa, na akiweza afunge kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja.

La tatu ni kubana kazi. Watu wengi huogopa biti, lakini majeraha mengi ya mashine hii husababishwa na kile kinachotobolewa. Biti inapotokea upande wa pili hunasa, na bapa iliyoshikwa kwa mkono huzunguka kama panga la feni. Jiliwa lililofungwa kwa bolti mezani, au klampu mbili, ndiyo kinga. Kwa sababu hiyo bei ya jiliwa imewekwa katika kila hesabu hapo juu. Mashine isiyo na jiliwa haijakamilika kununuliwa.

La nne linawashangaza wengi: glavu hazivaliwi kwenye drili ya kusimama. Mtu hudhani analinda mkono, lakini kitambaa kikinaswa na biti, mkono wote huvutwa kabla hajafikia swichi. Hali ni hiyo hiyo kwa mikono mipana ya kanzu, ncha ya mtandio, shuka la kikoi linaloning'inia, pete, saa na bangili. Mafundi wanawake, ambao wanaongezeka katika vyuo vya VETA, wachomeke ushungi ndani ya nguo au wavae ule mfupi unaobana. Ufunguo wa chaki utolewe kila mara kabla ya kuwasha, maana ukisahauliwa huruka kama jiwe la teo.

Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, na miwani ya kusomea haitoshi kwa sababu vipande hupenya pembeni. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe, na jirani asijaribu kukitoa kwa ncha ya kanga au kwa ulimi. Lifunikwe kidogo bila kukandamizwa, na mgonjwa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kasi, vumbi na rangi ya zamani

Drili nzuri hubadilishwa kasi kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. Kanuni ni rahisi: kadiri biti inavyokuwa nene, mizunguko ipungue. Kwa chuma laini cha kawaida, biti ya milimita 5 huhitaji kama mizunguko 1,600 kwa dakika, ya milimita 10 kama 800, na ya milimita 20 kama 400. Mashine ambayo kasi yake ya chini kabisa ni 600 haifai kwa anayetaka matundu makubwa ya chuma. Itaunguza biti, na biti iliyoungua ndiyo inayonasa.

Vumbi la mbao lisidharauliwe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1995 liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na vitundu vilivyo karibu nayo. Drili hutoa maranda zaidi kuliko vumbi, hivyo hatari yake ni ndogo kuliko ya msumeno au msasa. Hata hivyo, mpingo na baadhi ya mbao ngumu huwasha ngozi na kuleta vipele kwa watu wengine. Barakoa, kazi kufanyika mahali penye upepo, na kuoga kabla ya kumpakata mtoto ni hatua ndogo zenye faida kubwa.

Kwa mashine ya mtumba kuna jambo la ziada. Rangi za mashine za miaka ya zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Kuikwangua na kuipiga msasa uani ili ipakwe rangi mpya ni kumwaga vumbi la risasi pale mtoto anapotambaa, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Rangi ya zamani ikiwa imeshika vizuri, iachwe au ipakwe juu yake. Ikibidi kutolewa, ilowanishwe, ifanyike mbali na nyumba, na masalia yakusanywe yote.

"Baba watoto, italala wapi?"

Swali hilo la mama ni la kitaalamu kuliko linavyosikika. Drili ya mezani ni nzito juu na nyepesi chini. Isipofungwa kwa bolti kwenye meza imara, mtoto akining'inia kwenye mkono wake inaweza kumwangukia. Iwe na mahali pake penye mwanga, mbali na njia ya kwenda jikoni au msalani, na plagi yake ichomolewe kazi ikiisha. Meza na nguzo zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni na kufunikwa, vinginevyo upepo wa kusi utamaliza ndani ya msimu mmoja kile ambacho kiwanda kilitarajia kidumu miaka ishirini.

Vijana wa nyumbani hupenda kusaidia, na kujifunza ufundi kwa mzazi ni heshima. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi ya hatari, na mashine inayozunguka ni ya hatari. Mtoto anaweza kupima, kuchora alama na kupanga misumari. Kuwasha kumsubiri.

Upo pia ulinzi ambao wanaume wengi hawana: chanjo ya pepopunda. Watoto huipata kliniki, na wanawake huongezewa wakati wa ujauzito. Fundi mwanaume wa miaka 40 anaweza kuwa hajaongezewa hata mara moja tangu utotoni. Kabla mashine haijafika, aulize kwenye kituo cha afya.

Ajali ikitokea, jeraha libanwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Majivu, kahawa, mafuta ya taa na dawa ya meno havizuii damu, vinaleta uchafu. Kidole kikikatika, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kisha kiende pamoja na mgonjwa hospitalini, iwe Kinyonga, Kivinje, au Sokoine, Lindi mjini, bila kupitia kwa mtu yeyote kwanza.

Basi ipi inunuliwe?

Kwa anayeanza, asiye na fundi wa kumpeleka sokoni, na mwenye umeme wa fezi moja, mpya ya mezani yenye dhamana na swichi ya kujizima ni salama zaidi, hata ikiwa ndogo. Kwa fundi mzoefu anayeweza kusikia beringi mbovu na kubadilisha mkanda mwenyewe, ya mtumba yenye mota nzima ya volti 230 ni fedha iliyotumika vizuri, ilimradi jiliwa, swichi na waya wa ardhi vimewekwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kwa ambaye daftari lake lina matundu machache, stendi ya drili ya mkono inatosha mwaka huu.

Asiye na uhakika aulize ofisi ya SIDO ya mkoa wa Lindi au walimu wa VETA, ambao huziona mashine hizi kila siku. Na bajeti ikiwa haitoshi mashine na jiliwa kwa pamoja, kinachofaa ni kusubiri msimu mwingine. Ufuta utavunwa tena mwakani. Kidole kilichokatika hakioti.